Mcheza kwao hutunzwa, lakini vijana wa Kasulu na Kibondo wachezee wapi?

Kila mwaka, kabla ya msimu wa raga ya kulipwa kufunguliwa huko Ufaransa, Uingereza, Afrika Kusini, Japani na katika nchi za Pasifiki, magazeti ya nchi hizo hujaa habari za wachezaji wa safu ya nyuma. Husimuliwa kijana fulani ametoka kijiji gani, anakimbia kasi gani, amepona jeraha au bado, na klabu yake imemlipa kiasi gani. Mwananchi wa Kasulu au Kibondo, na ndugu yetu wa Unguja, Pemba, Mafia au Ukerewe, anaweza kuzitazama habari hizo na kusema kwamba hazimhusu. Maoni yetu ni kinyume cha hayo. Wachezaji wanaotajwa sana katika kurasa hizo wengi wao ni watoto wa vijiji na wa visiwa, na historia zao zinatuuliza maswali ambayo viongozi wetu hawana budi kuyajibu.

Kwa faida ya wasomaji wasioufahamu mchezo huu, tueleze kwa ufupi. Timu ya raga ina watu kumi na watano. Wanane wa mbele ni watu wa nguvu. Kazi yao ni kusukumana na kuupigania mpira chini. Saba wa nyuma, wanaovaa jezi namba 9 hadi 15, ndio wenye kazi ya kuupokea mpira uliopatikana kwa jasho la wenzao na kuufikisha nyuma ya mstari wa adui. Namba 9 huutoa mpira kwenye msukumano. Namba 10 huamua upigwe, upitishwe au ukimbizwe. Namba 12 na 13 hupasua katikati. Namba 11 na 14 hukimbia pembeni, na namba 15 hulinda nyuma kama mlinzi wa mwisho wa boma. Mpira haurushwi mbele kwa mikono. Hurushwa nyuma au pembeni tu. Kwa hiyo mtu hawezi kwenda mbele bila kumtegemea mwenziwe aliye nyuma yake.

Raga ya muungano ilikuwa mchezo wa ridhaa mpaka mwezi Agosti 1995, wakati baraza la dunia la mchezo huo lilipokutana Paris na kuruhusu wachezaji walipwe. Mwaka huo huo, katika mashindano ya Kombe la Dunia nchini Afrika Kusini, kijana wa pembeni aitwaye Jonah Lomu, mtoto wa wazazi waliotoka visiwa vya Tonga, aliichezea New Zealand na kuifunga Uingereza trai nne katika mchezo mmoja wa nusu fainali. Tangu siku hizo mtu wa safu ya nyuma mwenye mbio amekuwa mali yenye bei.

Hebu tuwatazame wachache kati yao.

Wa kwanza ni Makazole Mapimpi wa Afrika Kusini. Huyu ni mtoto wa Tsholomnqa, sehemu ya mashamba katika jimbo la Rasi ya Mashariki. Hakupita katika shule zile mashuhuri ambazo kwa kawaida ndizo zilizoilisha timu ya taifa lake. Alichelewa kuonekana, alipoitwa kuichezea nchi yake kwa mara ya kwanza mwaka 2018 alikuwa na umri wa miaka 27. Mwaka uliofuata, yaani 2019, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Yokohama, ambapo Afrika Kusini iliishinda Uingereza kwa pointi 32 kwa 12, yeye ndiye aliyefunga trai ya kwanza ambayo Afrika Kusini imepata kuifunga katika fainali yoyote ya kombe hilo. Nchi yake ilikuwa imekwisha kutwaa kombe mara mbili pasipo kufunga trai katika fainali. Aliyeufungua mlango huo ni mtoto wa shamba.

Wa pili ni Cheslin Kolbe, naye wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Kraaifontein karibu na Cape Town. Kimo chake hakifiki sentimita 175. Kwa miaka mingi waliomtazama walisema kwamba ni mdogo mno kwa mchezo wa miamba. Mwaka 2017 alikwenda Toulouse nchini Ufaransa, na huko wakamthamini kwa alichoweza kufanya. Aliitwa katika timu ya taifa, akafunga katika fainali ile ile ya Yokohama, na mwaka 2023 akawa tena katika kikosi kilichotwaa kombe mjini Paris kwa kuishinda New Zealand kwa pointi 12 kwa 11.

Wa tatu ni Antoine Dupont, Mfaransa avaaye namba 9, ambaye wengi humhesabu kuwa mchezaji bora wa kizazi chake. Kijiji chake, Castelnau-Magnoac, hakina hata watu elfu moja. Lakini kina uwanja na kina klabu, na humo ndimo alimoanzia utotoni. Mwezi Machi 2025, akiichezea Ufaransa mjini Dublin, goti lake liliumia vibaya akakaa nje kwa miezi mingi. Klabu yake na nchi yake zilikuwa na madaktari na mkataba wa kumlinda katika muda huo. Hili tulishike, kwa sababu tutalirudia.

Wa nne anawahusu hasa wasomaji wetu wa visiwani. Huyu ni Jerry Tuwai wa Fiji, aliyekulia Newtown, mtaa wa watu maskini katika vitongoji vya Suva. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, raga ya wachezaji saba kila upande ilipoingizwa katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, Fiji iliishinda Uingereza kwa pointi 43 kwa 7. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki katika historia ya visiwa vile, nayo ilikuwa ya dhahabu. Katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, Tuwai akiwa nahodha, Fiji ilitwaa dhahabu tena kwa kuishinda New Zealand, na wanawake wao wakapata shaba. Mwaka 2024 mjini Paris wanaume walishindwa na Ufaransa katika fainali, wakarudi na fedha.

Sasa tufanye hesabu. Fiji ina watu wasiofika milioni moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu karibu milioni 1.9 katika Zanzibar peke yake, na karibu milioni mbili na nusu katika mkoa wa Kigoma. Tanzania nzima ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 61. Medali za Olimpiki ambazo taifa letu limepata tangu uhuru ni mbili, zote za fedha, zilizoletwa na wakimbiaji Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kutoka Moscow mwaka 1980. Haiwezekani kusema kwamba Mwenyezi Mungu aliwapa watu wa Fiji miguu akawanyima watu wa Pemba au wa Buha. Tofauti imo katika yale ambayo binadamu hupanga au huacha kuyapanga.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Jirani zetu wa Kenya wamelifanya. Mwezi Aprili 2016, mjini Singapore, Kenya iliishinda Fiji yenyewe kwa pointi 30 kwa 7 katika fainali ya mashindano ya dunia ya wachezaji saba. Katika safu yao alikuwamo Collins Injera, mtu wa pembeni, ambaye mwezi uliofuata mjini London alivunja rekodi ya dunia ya kufunga trai katika mfululizo wa mashindano hayo. Kaka yake, Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa timu hiyo kabla, alisoma kemia chuo kikuu huku akicheza. Mwaka 2021 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya mchezo huo duniani, na amekuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Uganda nayo imemtoa Philip Wokorach, mchezaji wa nyuma aliyepata mkataba nchini Ufaransa. Mwezi Julai 2025 ni Kampala iliyokuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika ambamo Zimbabwe iliishinda Namibia na kujipatia nafasi katika Kombe la Dunia la mwaka 2027 huko Australia. Hata Burundi, inayopakana na mkoa wetu, na Rwanda zina vyama vya raga. Nasi tulikuwamo tangu zamani: mchezo wa kwanza wa kimataifa wa Kenya, mwaka 1954, ulichezwa dhidi ya Tanganyika. Lakini raga ya siku zile ilikuwa ya Wazungu katika vilabu vyao, na ilipoondoka nao, sisi hatukuifuata. Leo huchezwa na watu wachache katika miji kama Arusha na Dar es Salaam.

Je, Kasulu na Kibondo wanaingiaje katika habari hizi? Wanaingia kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba nyanda hizi zina kila kitu ambacho maumbile huweza kutoa. Ni nchi ya vilima, yenye mvua ya miezi mingi na majani ya kutosha, ambako mtoto hupanda na kushuka mlima kwenda shule, kuteka maji na kupeleka maharage sokoni. Miguu ya namna hiyo hainunuliwi dukani. Mkoa huu umekwisha kuthibitisha uwezo wake katika soka: timu ya Mashujaa ya Kigoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na mwezi Aprili 2024 iliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti katika uwanja wa Lake Tanganyika. Lakini kati ya mtoto wa kijiji cha Muhambwe au Heru na uwanja ule wa Kigoma mjini pana safari ndefu, na si ya barabara peke yake. Kwa miongo mingi majina ya Kasulu na Kibondo yamesikika duniani kwa sababu ya kambi za wakimbizi, kama ile ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Wilaya hizi zimewapokea jirani kwa moyo wa utu. Zinastahili kusikika pia kwa kazi ya watoto wao wenyewe.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni historia. Watu wa Buha wanajua maana ya kuuza nguvu za mwili mbali na kwao. Katika miaka ya ukoloni mkoa wa Kigoma ulikuwa moja ya chemchemi kubwa za vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Waliandikishwa, wakapewa namba, wakapakiwa katika magari ya moshi, na kwa sababu ya namba hizo wakaitwa manamba. Mshahara ulihesabiwa kwa kipande cha siku 30 za kazi. Siku isiyotimizwa haikuingia katika kipande. Wengine walirudi na baiskeli na nguo, wengine walirudi na vifua vibovu, na wengine hawakurudi.

Mchezaji wa kulipwa naye hupewa namba, huenda mbali, na huuza nguvu za mwili wake kwa miaka michache ya ujana. Tofauti kati ya namba ya mkonge na namba ya jezi imo katika mkataba: nani ameuandika, nani ameusoma, na nani atamtibu mtu huyo akivunjika. Pasipo mkataba wa haki, jezi nzuri haimwondoi mtu katika unamba.

Hatusemi hivi kwa kutia chumvi. Mwezi Juni 2018, mjini Paris, wachezaji wa Kenya waliingia uwanjani wakiwa wameifunika nembo ya mfadhili kwenye vifua vyao, kwa kudai malipo waliyoahidiwa. Hao walikuwa mashujaa waliokwisha kutwaa kombe la Singapore! Nchini Uingereza, klabu kongwe za Worcester na Wasps ziliishiwa fedha mwaka 2022, na London Irish ikafuata mwaka 2023. Mamia ya watu waliamka asubuhi hawana kazi. Wachezaji wa zamani wa huko wamefungua madai mahakamani wakisema kwamba mapigo ya kichwa ya miaka yao ya mchezo yameharibu ubongo wao. Visiwa vya Pasifiki vyenyewe vimelalamika kwa muda mrefu kwamba vijana wao huchukuliwa wangali wachanga na kufanywa wachezaji wa mataifa tajiri. Ni mwaka 2022 tu ambapo sheria mpya iliruhusu mchezaji aliyekwisha kuichezea nchi nyingine kurudi kuichezea nchi ya kuzaliwa au ya wazee wake, baada ya kukaa miaka mitatu bila kucheza mechi za kimataifa. Na mwaka huo huo wa 2022 ndipo Fiji ilipopata timu yake ya kulipwa, iitwayo Drua, katika ligi kubwa ya eneo hilo, ili kijana aweze kulipwa huku akila chakula cha kwao. Waswahili wamesema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Watu wa Fiji walingoja miaka 27 tangu raga ianze kulipa ndipo wakaupata uwanja wa kutunziwa nyumbani.

Wapo watakaopinga maoni haya. Watasema kwamba raga ni mchezo wa kigeni. Soka nayo ilikuja kwa meli, na leo hakuna anayeiita ya kigeni. Watasema kwamba ni mchezo wa hatari. Hilo ni kweli, na ndiyo maana watoto wa shule za msingi hufundishwa kwanza raga ya kugusana au ya kunyang'anyana vitambaa kiunoni, isiyo na kuangushana. Watasema kwamba wachache sana ndio wapatao mikataba. Hilo ni kweli zaidi kuliko yote. Kati ya vijana elfu wenye mbio, pengine mmoja ataishi kwa mbio zake. Kwa hiyo mpango wowote wa michezo unaomtoa mtoto darasani ni mpango mbaya, na mfano wa kufuatwa ni ule wa Kayange aliyeshika mpira kwa mkono mmoja na kitabu kwa mkono wa pili.

Hatupendekezi basi kwamba serikali itangaze raga kwa amri, wala kwamba soka na mpira wa pete vipunguziwe haki yao. Tunapendekeza mambo manne ambayo yatamfaa mtoto hata kama hataugusa mpira wa raga maisha yake yote.

La kwanza ni viwanja. Ardhi ya shule imekuwa ikimegwa kidogo kidogo, hapa kwa vibanda, pale kwa nyumba ya mtu. Halmashauri za Kasulu na Kibondo zipime viwanja vyote vya shule, ziviwekee mipaka na kuvipatia hati. Wenzao wa visiwani, ambako ardhi ni haba zaidi na hoteli ni nyingi zaidi, wafanye hivyo kabla fukwe wanakochezea watoto hazijazungushiwa ua.

La pili ni walimu. Katika Kasulu vimo vyuo vya ualimu, kikiwamo kile cha Kabanga. Mwalimu anayetoka humo awe amefundishwa kweli kweli kuona kipaji, kupima mwendo kwa saa, kumpa huduma ya kwanza aliyeumia, na kumzuia aliyepigwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo. Maarifa haya hayagharimu fedha nyingi.

La tatu ni mashindano. Michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA ndiyo ngazi ambayo mtoto wa maskini anaweza kuipanda bila nauli ya baba yake. Shule chache za Kasulu na Kibondo, na chache za Unguja na Pemba, zijaribu raga ya kugusana kwa msimu mmoja, wavulana na wasichana, kisha matokeo yatazamwe. Wanawake wa Kenya walifika Olimpiki mwaka 2016 na tena Tokyo. Wasichana wetu wasifikiriwe mwisho.

La nne, na ndilo tunalolisisitiza kuliko mengine, ni mikataba. Kijana yeyote wa wilaya hizi anayetakiwa na klabu, iwe ya soka, ya raga au ya mchezo wowote, ya ndani au ya nje, asitie sahihi kabla afisa michezo na mtu anayeijua sheria ya kazi hawajausoma mkataba huo pamoja na wazazi wake, kwa Kiswahili wanachokielewa. Mkataba useme malipo, matibabu, nauli ya kurudi, na masomo. Aliye chini ya miaka 18 asisafirishwe na wakala kwa maneno ya mdomo. Nakala ibaki wilayani. Ofisi ambayo haina faili la vijana wake waliokwenda kucheza mbali haiwezi kusema inawajali.

Tunafahamu kwamba maafisa wana kazi nyingi na bajeti ndogo. Shule hazina madawati ya kutosha, zahanati hazina dawa za kutosha, na barabara ya Kidahwe, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi ilingojewa kwa miaka mingi. Lakini kati ya mambo manne tuliyoyataja, matatu yanahitaji nia na karatasi zaidi ya fedha. Mkuu wa wilaya hahitaji kungoja mfadhili ili apige marufuku kumegwa kwa kiwanja cha shule. Afisa elimu hahitaji semina ya mjini ili aagize saa ya kupimia mbio.

Wazee wa nyanda hizi walipelekwa mkongeni wakiwa na namba pasipo kuulizwa. Wajukuu wao, na wajukuu wa wavuvi wa visiwani, wakichagua kwenda na namba mgongoni, waende wakiwa na elimu, afya na karatasi iliyosomwa. Kabla ya michezo ijayo ya shule, wananchi wa Kasulu na Kibondo wana haki ya kuwauliza madiwani wao swali moja tu: kiwanja cha shule yetu kina hati, au hakina?